Mwenye Ufunguo wa Dada Philomena

Jumanne, tarehe kumi na nne Novemba mwaka 2023. Mvua ilikuwa imeanza kabla ya alfajiri, ile mvua ya Novemba isiyo na ngurumo wala haraka, na kulipopambazuka Singapuri ilikuwa bado inachuruzika. Upepo uliisukuma ndani ya korido ya ghorofa ya tisa kidogo kidogo, mpaka sakafu ikawa inateleza kutoka mlango wa kwanza hadi wa mwisho.

Bee Choo alikuwa amekaa mezani mbele ya bakuli la uji wa mchele. Hakuwa anakula. Alikuwa anautazama uji ukifanya utando. Ilikuwa siku ya ishirini tangu mumewe, Teck Soon, afe hospitalini kwa maradhi ya figo, na kwa siku zote hizo hakuwa amelia hata tone. Watu walimsifu kwa uvumilivu. Yeye alijua si uvumilivu. Umewahi kuamka ukakuta umelalia mkono usiku kucha? Mkono upo, unauona, vidole vyote vitano vipo, lakini ukiugusa ni kama unagusa wa mtu mwingine. Bee Choo alikuwa hivyo, mwili mzima.

Kitu kimoja tu aliweza, kutii. Tangu hospitalini watu walikuwa wakimwambia la kufanya, naye akifanya. Weka sahihi hapa. Piga magoti. Simama. Geuka, usitazame jeneza likifungwa. Aliyetoa amri nyingi kuliko wote alikuwa wifi yake, Ah Gek, dada mkubwa wa marehemu. Siku waliyotoka kuchoma maiti, Ah Gek alimbandika kitambaa cheusi cha msiba kwenye mkono wa blauzi kwa pini, kisha akamwinulia kidole.

"Siku arobaini na tisa, usivuke kizingiti cha mtu. Umenisikia? Mkosi wa msiba unafuata miguu. Ukiingia kwa mtu, unamwachia. Wewe lako umeshapata, usimgawie mwenzio."

"Nimesikia, wifi."

"Hata kwa huyo Mtamili wako wa mlango wa pili. Hasa huyo. Najua nyinyi mnavyoingia nyumba kwa nyumba kama kuku."

"Nimesikia."

Sasa, saa kumi na mbili na dakika arobaini na moja, simu yake ikalia. Haukuwa mlio wa kawaida. Ulikuwa mlio wa kupanda na kushuka, kama bata aliyekanyagwa, ambao Hasnah wa kituo cha wazee aliuweka kwa mkono wake mwenyewe ili usichanganywe na simu za watu wanaouza bima.

Karibu kila mzee aliyeishi peke yake katika jengo lile alivaa kengele. Ndivyo walivyokiita wenyewe kile kifaa cheupe cha kuning'iniza shingoni, kikubwa kama kisanduku cha kiberiti, chenye kitufe chekundu katikati. Ukianguka unabonyeza, na kengele inalia kwenye simu ya mwenye ufunguo wako, yaani jirani uliyemkabidhi ufunguo wa akiba. Asipopokea kwa dakika moja, inarukia kituo. Kituo kisipopokea, inarukia gari la wagonjwa. Lakini mwenye ufunguo akipokea na kubonyeza moja, inatulia. Inajua mtu ameshakwenda. Mzee Sng wa mlango wa mwisho aliwahi kuibonyeza kuuliza kama kituoni siku hiyo kuna tambi au wali.

Bee Choo alibonyeza moja. Kidole kilijiendea chenyewe kwa mazoea. Sauti ikatoka, ya chini, yenye pumzi fupi.

"Choo. Njoo. Nimeanguka."

"Nakuja, dada."

Akautoa ufunguo msumarini, akavaa ndala, akatoka. Kutoka mlango wake hadi mlango wa Philomena ni hatua tisa. Philomena Savarimuthu alikuwa na miaka sabini na tisa, minane zaidi yake, mjane wa siku nyingi, aliyewahi kupika katika shule ya masista kwa miaka thelathini. Walikuwa majirani kwa miaka kumi na moja. Siku tatu za matanga ya Teck Soon, pale uwanjani chini ya jengo, Philomena alikaa na rozari yake mkononi huku makuhani wa dini ya Kitao wakipiga matoazi, akimenya karanga na kuwasukumia waombolezaji kama vile msiba ulikuwa wake.

Bee Choo alifika getini. Aliinua ufunguo. Mkono ulipoinuka, kile kitambaa cheusi kikainuka nao, kikamkalia mbele ya macho. Akasikia sauti ya Ah Gek, wazi kabisa, kama mtu aliyesimama nyuma yake. Usivuke kizingiti cha mtu.

Mkono ukashuka.

Hakubishana na ile sauti, wala hakuitafakari. Aligeuka akaenda kutafuta mtu mwingine wa kumpa ufunguo, mtu asiye na msiba. Fleti ya upande wa pili ilikuwa inakarabatiwa, haina mtu. Iliyofuata ilikuwa ya dada mmoja mlinzi wa zamu, hajarudi kutoka kazini. Akaenda mpaka mwisho wa korido, akagonga kwa Mzee Sng. Akagonga tena. Mzee Sng hulala akiwa ameviweka vifaa vyake vya kusikilizia ndani ya kikombe, na dunia ikiisha usiku ataambiwa asubuhi. Bee Choo akarudi. Ndala zake zilipiga sakafu yenye maji, pa, pa, pa.

Akasogeza mdomo kwenye vioo vya dirisha la jikoni.

"Dada, subiri kidogo."

"Choo? Upo nje?"

"Nipo. Natafuta mtu."

"Mtu gani?" Sauti ya Philomena ilitoka chini kabisa, karibu na sakafu. "Wewe si mtu?"

Bee Choo akasema tena, "Subiri kidogo," kisha akasimama.

Hakuwa anafikiri. Alijua kitu kimoja tu, nacho kilikaa ndani yake kama jiwe chini ya kisima: nyumbani kwake kulikuwa kumeingia kitu kikamchukua Teck Soon, na kama kitu hicho kilikuwa bado kimening'inia miguuni mwake, asingekipeleka kwa Philomena. Kwa adui angeingia. Kwa Philomena, hapana. Basi akasimama na ufunguo mkononi, akingoja lifti ilete mtu yeyote, hata muuza magazeti, na lifti haikuleta mtu.

Dakika kumi na moja zilipita hivyo. Upepo ukamrushia maji miguuni, akatazama chini, akaona kwamba mkono wake wa pili umeshika simu. Ndipo akapiga gari la wagonjwa.

Vijana wawili wenye sare walitoka kwenye lifti saa moja na dakika nne. Bee Choo aliwanyooshea ufunguo kwa urefu wa mkono, kisha akarudi nyuma hatua mbili.

"Mama, wewe ni nani wake?"

"Mwenye ufunguo."

Kijana aliutazama ufunguo, akautazama mlango uliofungwa, akamtazama yeye. Kisha akafungua.

Walimtoa Philomena juu ya machela, uso umekuwa rangi ya majivu, rozari imezungushwa kwenye kiganja. Alipopita mbele ya Bee Choo macho yao yalikutana. Bee Choo alijitafuta ndani, kama mtu anayepapasa miwani kitandani, akitafuta uchungu au aibu au hata woga. Hakupata kitu. Mlango wa lifti ukafungika. Akarudi ndani, akamwaga uji, akaosha bakuli, akalifuta, akaliosha tena.

*

Nyonga ilikuwa imevunjika. Walimpasua siku iliyofuata, wakamwekea chuma, kisha wakamhamishia hospitali ya mazoezi ajifunze kutembea upya. Bee Choo hakwenda kumwona. Mwenye msiba haendi kumwangalia mgonjwa, hilo kila mtu wa jengo alilijua, na hakuna aliyemshangaa. Alipika supu ya samaki na tangawizi, akaitia kwenye chombo cha kuhifadhi joto, akampa Mzee Sng apeleke. Mzee Sng alipenda kazi hiyo kwa sababu manesi walimwita mjomba na kumpa biskuti.

"Anakuulizia," alisema aliporudi.

"Anauliza nini?"

"Eti unakula? Nikamwambia huli, umekonda kama kijiti cha ubani. Akasema nikwambie ule."

"Hakusema kingine?"

"Alisema supu haina chumvi."

Wiki ya tatu Hasnah alikuja. Alikuwa Mmalay wa makamo, mwenye hijabu ya kijani na sauti ya mwalimu wa chekechea, na kazi yake kituoni ilikuwa kengele zote mia na arobaini za jengo lile na la jirani. Hakuomba kuingia. Alikaa kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango, naye Bee Choo akakaa ndani ya mlango, geti likiwa wazi kati yao.

"Mama, Jumanne tarehe tano wanamleta dada Philomena nyumbani kwa saa mbili. Bwana wa mazoezi anataka kupima choo na mlango, aone kama anaweza kurudi."

"Anaweza?"

"Mguu unaweza. Tatizo si mguu." Hasnah alikunja mikono. "Mtoto wa kaka yake, Anselm, amepata nafasi kwenye makao ya wazee. Wamempa mpaka Ijumaa ajibu. Unajua mwenyewe kule. Vitanda vinane chumba kimoja, na jikoni hawaruhusiwi hata kunusa."

Bee Choo alijua. Philomena, ambaye hujisemesha na sufuria zake kwa Kitamili tangu asubuhi, ambaye siku ya Krismasi hupikia korido nzima. Alijua, na ule ujuzi ulimpitia kama habari ya hali ya hewa ya nchi nyingine.

"Yeye mwenyewe anataka nini?"

"Kurudi. Amemwambia Anselm, mkinipeleka kule nitakufa kwa kula makaroti ya kuchemsha. Lakini mimi siwezi kuweka sahihi arudi na kengele shingoni kama kengele haina mtu wa kuingia. Kengele bila mtu ni kelele tu. Na wa kuingia ni wewe. Yule dada mlinzi nimemuuliza, zamu zake hazina mpangilio. Mzee Sng amejitolea."

"Mzee Sng hasikii."

"Ndiyo maana nipo kwako." Hasnah alitoa karatasi, akaitazama bila kumpa. "Mama, kumbukumbu ya kengele iko hapa. Ulipokea dakika ileile. Mlango umefunguliwa dakika ishirini na tatu baadaye. Nilimuuliza dada Philomena, akasema ulikuwa bafuni, umejaa sabuni. Niandike hivyo?"

Bee Choo alitazama vidole vya miguu yake.

"Basi nitaandika hivyo," alisema Hasnah polepole, akiinuka. "Jumanne, saa nne. Njoo useme kama utaendelea kushika ufunguo au la. Ukisema la, hakuna atakayekulaumu. Lakini Anselm atampeleka, na mimi nitakaa kimya."

*

Jumanne tarehe tano Desemba ilikuwa siku ya arobaini na moja. Anselm alisukuma kiti cha magurudumu kutoka kwenye lifti saa nne kasoro. Alikuwa mwanamume mnene wa miaka hamsini, fundi wa lifti kwa kazi, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye halali vizuri. Kitini alikaa Philomena, amevaa sari ya bluu na soksi za hospitali.

"Acha kunisukuma kama gunia," alikuwa anamwambia. "Kuna bonde hapo. Ah! Nimekwambia kuna bonde."

"Shangazi, hilo si bonde, ni kizingiti."

"Basi kivuke kwa adabu."

Wakaingia. Bwana wa mazoezi, kijana mwembamba mwenye futi ya chuma, akaenda moja kwa moja chooni kupima ngazi. Hasnah akafungua madirisha. Mzee Sng akaingia bila kualikwa, akajichagulia kiti kizuri. Bee Choo alikuja wa mwisho. Alileta stuli yake mwenyewe, akaiweka korido, mbele ya geti lililo wazi, akakaa juu yake na mikono mapajani.

Anselm alimwona. "Mama, mbona huko? Ingia."

"Nipo sawa hapa."

"Ana msiba," Philomena alisema bila kugeuka. "Mwache. Anselm, angalia kama hilo jiko limeota ukungu."

"Jiko baadaye, shangazi. Kwanza tuongee hili." Anselm alijipangusa uso kwa leso. "Mimi sitaki ugomvi na mtu. Nyumbani kwangu kuna ngazi kumi na nane na watoto watatu kwenye chumba kimoja, ningekuwa na pa kumweka nisingezungumza habari za makao. Mke wangu analia kila usiku, mimi nalia asubuhi ndani ya gari. Kwa hiyo niambieni kitu kimoja. Shangazi akianguka tena, atakaa chini dakika ishirini na tatu? Maana daktari amesema angekaa saa moja, tungekuwa tunaongea kaburini."

"Alikuwa bafuni," alisema Philomena. "Nimeshasema. Mtu asioge?"

"Dakika ishirini na tatu, shangazi?"

"Ana nywele nyingi."

Mzee Sng alicheka peke yake. Bee Choo aliangalia kile kichwa cheupe kilichomgeukia kisogo. Alitaka kuhisi shukrani. Haikuja. Lakini maneno yalikuja, makavu, moja baada ya jingine, kama watu wanaoteremka kwenye basi.

"Usinitungie uongo, dada. Sikuwa bafuni."

Futi ya chuma chooni iliacha kulia.

"Nilikuwa hapa. Nilikuja dakika ileile. Nilisimama hapa nilipokaa, na ufunguo mkononi, nikamwacha sakafuni. Nilikuwa nimekatazwa kuvuka kizingiti cha mtu siku arobaini na tisa. Nilitafuta mtu asiye na mkosi. Sikumpata. Dakika kumi na moja ndipo nikapiga simu."

Anselm alisimama. "Ulikuwa mlangoni?"

"Ndiyo."

"Mlangoni. Na ufunguo." Sauti yake ilipanda. "Kwa sababu ya kitambaa? Kwa sababu ya kitambaa, mama? Shangazi yangu amelala kwenye sakafu ya baridi, mfupa umetoka mahali pake, na wewe upo hatua tatu unaogopa mkosi? Mkosi gani zaidi ya huo?"

"Sijui," alisema Bee Choo. Ilikuwa kweli.

Hasnah alishusha pumzi. "Mama, ungeniuliza. Hata sisi mjane ana eda. Anakaa ndani, hajipambi, hatoki ovyo. Lakini nyumba ya jirani ikiwaka moto hakai kuhesabu siku. Dharura ina hukumu yake."

"Hakuna aliyeniambia hivyo. Niliambiwa nisivuke."

"Na ukaambiwa na nani?"

"Na Ah Gek."

"Ah Gek!" Mzee Sng aliligundua jina hilo kwa furaha. "Yule aliyewahi kumkataza paka wa chini asipite mbele ya ubani? Ah Gek angemkataza hata marehemu asife siku mbaya."

Anselm alikuwa ameshika mishikio ya kiti cha magurudumu. "Basi. Imekwisha. Ijumaa nakubali ile nafasi. Samahani, shangazi. Samahani sana."

"Nigeuze," alisema Philomena.

"Shangazi..."

"Nimekwambia nigeuze. Nimtazame."

Alimgeuza. Kwa mara ya kwanza tangu ile asubuhi ya mvua, wale wanawake wawili walitazamana, mmoja ndani, mmoja nje. Philomena alikuwa amepungua. Shingo yake ilikuwa imekuwa kamba.

"Unajua nilikuwa nafanya nini mle chini?" aliuliza. "Nilisali. Ilikuwa Jumanne, siku ya matendo ya uchungu ya rozari. Nilianza bustanini, Bwana anatoka jasho la damu. Na kila nikimaliza Salamu Maria nasikia ndala zako. Pa, pa, pa. Zinakwenda, zinarudi. Nilifika tendo la nne, Bwana anachukua msalaba, ndipo nikasikia ufunguo. Nyonga iliuma, Choo. Lakini ndala ziliuma zaidi. Nisingezisikia, ningesema, ah, amelala, maskini, hajalala tangu mumewe afe. Hilo nimelitoa leo, silirudii tena."

"Ndiyo, dada."

"Na uongo wa bafuni nimeshauungama kwa padri. Umenipa kazi ya bure."

"Ndiyo."

"Unasikitika?"

Bee Choo alijipapasa tena ndani. Watu wote walikuwa wanamtazama. Ingekuwa rahisi kusema ndiyo, na kuinamisha kichwa, na kupangusa jicho hata kama ni kavu.

"Sihisi kitu, dada," alisema. "Tangu afe sihisi kitu. Sijalia. Uji nauona mdomoni kama gundi. Najua nimekukosea, nalijua kama ninavyojua namba ya nyumba yangu. Lakini sihisi. Nikisema nasikitika nitakuwa nakutungia uongo, na mmoja umeshatosha."

"Unaona?" Anselm alisema kwa uchungu. "Unaona, shangazi? Hata kusikitika hawezi."

"Nyamaza kidogo, baba. Wewe umeolewa... umeoa, nilitaka kusema. Siku ile kanisani padri alikuuliza unahisi nini?"

"Shangazi, hilo linahusiana nini na..."

"Alikuuliza?"

Anselm alikunja uso. "Hapana."

"Alikuuliza utafanya nini. Katika shida na raha, utafanya nini. Mimi nilimjibu padri wangu nikiwa na homa ya digrii arobaini, sikuhisi hata vidole. Nikamtunza yule mtu miaka thelathini na sita." Alirudisha macho getini. "Choo. Sikuulizi tena unahisi nini. Hilo ni la Mungu, atalileta akitaka, au asililete. Nakuuliza nikiita, utaingia?"

Bee Choo aliinuka kwenye stuli. Miguu ilijua cha kufanya kabla yake. Alisogea mpaka kwenye ukingo wa mlango, akaunyanyua mguu wa kulia.

"Wee! Rudisha mguu wako!" Philomena alipaza sauti mpaka bwana wa mazoezi akatokeza kichwa chooni. "Nani amekwambia uingie sasa? Leo nimeanguka? Sijaanguka. Nimekaa vizuri, nina watu wanne na kiti chenye magurudumu. Zimebaki siku nane za mumeo, mpe. Ni haki yake. Alikuwa mtu mwema na alikula samaki wangu bila kulalamika. Sitaki uvunje mwiko wako kunifurahisha. Nataka kujua siku nikiwa sakafuni itakuwaje."

Bee Choo alirudisha mguu. Alisimama wima, magoti yamekaza.

"Dada Philomena na mimi pia tulikosea," Hasnah alisema taratibu. "Mume wa mama huyu alipofariki, tulimwachia ufunguo bila kumuuliza kama anaweza. Hilo nitaliandika."

"Andika," alisema Philomena. "Anselm. Akisema ataingia, na ukamsikia kwa masikio yako, utawapigia wale watu wa makaroti uwakatalie?"

Anselm aliikunja leso yake mara nne, akaitia mfukoni, akaitoa tena. Alimtazama Bee Choo muda mrefu, kama anavyotazama kamba ya lifti kabla ya kuruhusu watu wapande.

"Hakunidanganya," alisema mwishoni. "Angeweza kukaa kimya na kusema bafuni. Wazee wengine wangesema bafuni." "Akisema mbele yetu sote, nitawapigia leo. Lakini aseme. Asiweke sahihi tu. Sahihi nimeziona nyingi."

"Na apaze sauti," alisema Mzee Sng, akikiingiza vizuri kifaa cha sikio la kushoto. "Nataka kuwa shahidi, na sikio la kulia halina betri."

Hasnah aliweka karatasi chini. Bwana wa mazoezi alitoka chooni, akasimama ukutani na futi yake, hajui aweke wapi mikono. Chini kabisa, uwanjani, mtu alikuwa anaburuta meza.

Bee Choo alishika nguzo za geti kwa mikono miwili. Ndani yake palikuwa kimya vilevile, jiwe lilelile chini ya kisima. Hakungoja libadilike.

"Mimi, Quek Bee Choo, nasema mbele ya Anselm, na Hasnah, na Mzee Sng, na huyu bwana mwenye futi. Dada Philomena akiita, nitafungua mlango na nitaingia. Nikiwa na msiba nitaingia na msiba wangu. Nikikatazwa nitaingia. Nikihisi kitu au nisihisi, nitaingia, nitakaa naye sakafuni, na sitatoka mpaka aniambie toka."